Historia Yetu kwa Ndimi Mbili: Maandishi ya Wajerumani Yaliyotufikia kwa Kiingereza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, hapa kwetu Buhongwa, palitokea jambo katika darsa yetu ya fiqhi. Kijana mmoja anayesoma chuo alikuja na karatasi za fotokopi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Baada ya salamu akasema: "Sheikh wangu, humu imeandikwa kwamba Waislamu wa huku bara zama za Mjerumani walikuwa Waislamu wa jina tu. Hawakuwa na elimu wala hawakujua sheria. Na walioandika haya walikuwepo wakati ule, walishuhudia."

Katika safu ya mbele alikuwepo mzee wetu mmoja ambaye babu yake alisomesha watoto Qur'ani katika pande hizi. Mzee yule akanyanyuka, akachukua bakora yake, akaondoka bila kuaga. Asubuhi nikamfuata nyumbani. Akaniambia: "Sheikh, mimi nimesomeshwa Safina na baba yangu, na baba alisomeshwa na babu. Leo wajukuu zangu wanaambiwa kwamba babu yangu alikuwa hajui kitu, na anayewaambia ni karatasi."

Nilirudi kwa yule kijana nikamuomba zile karatasi. Mwanzoni mwake palikuwa na maneno machache ambayo hakuyatilia maanani: kwamba maandishi yale yamefasiriwa kutoka Kijerumani. Basi hapo ndipo mas'ala yetu yanapoanzia. Sehemu kubwa ya historia ya Waislamu wa Tanganyika ya miaka ya 1885 hadi 1916 iliandikwa kwa Kijerumani. Wengi wetu Kijerumani hatukijui. Tunachosoma ni Kiingereza chake. Je, habari iliyopita katika ndimi mbili za wageni kabla ya kutufikia ina hukumu gani kwetu? Tuikubali, tuikatae, au tuipime? Na kama ni kuipima, kwa mizani gani?

Mkalimani mbele ya kadhi

Mizani tunayo, nayo haikutoka mbali. Imo katika vitabu vyetu vya fiqhi, katika mlango wa ukadhi. Mafakihi wamejadili: ikiwa kadhi haijui lugha ya mdai au ya shahidi, mkalimani atakayemfasiria anahesabiwa kuwa nani? Je, ni mtoa habari tu, anayetosha mmoja, au ni shahidi? Imamu Bukhari (RA) ameliweka suala hili katika Sahihi yake, akauliza katika kichwa cha mlango kama mkalimani mmoja anatosha. Imamu Abu Hanifa (RA) aliona mmoja anatosha. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi (RA) katika Minhaj ameshurutisha kwa mkalimani uadilifu, uungwana na idadi. Maana yake ni kwamba mkalimani hutendewa kama shahidi, kwa sababu maneno anayoyafikisha kwa kadhi ni maneno ambayo kadhi mwenyewe hakuyasikia kwa ufahamu wake.

Na katika sira tunayo mifano miwili iliyo wazi. Mtume (SAW) alimuamrisha Zaid bin Thabit (RA) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zake zisipite katika mikono ya watu asiowaamini. Na Heraklio, mfalme wa Warumi, alipomhoji Abu Sufyan kwa kupitia mkalimani, aliwaweka wenzake Abu Sufyan nyuma yake, akawaambia kwamba akisema uongo wamkadhibishe. Hata mfalme asiyekuwa Muislamu alijua kuwa habari inayopita katika ulimi wa mwingine inahitaji mashahidi.

Kwa hiyo kanuni yetu katika makala haya ni moja: tarjama ni ushahidi, na mfasiri ni rawi. Tutamuuliza kama tunavyomuuliza rawi: umepokea kwa nani, ulikuwa na haja gani, na kati yako na asili ya maneno pana watu wangapi?

Njia ya zamani kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza

Waingereza walianza kufasiri vitabu vya Wajerumani kabla ya mataifa hayo mawili kuingia kwetu kutawala. Tangu karne ya 16 maandishi ya Martin Luther yalikuwa yakivuka bahari kwenda Uingereza, na William Tyndale aliyefasiri Injili kwa Kiingereza aliitazama tarjama ya Luther. Kisa cha Kijerumani cha mtu aitwaye Faust, aliyefanya mapatano na shetani, kilichapwa mwaka 1587, na baada ya miaka michache kilikuwa kimekwisha fasiriwa, na Christopher Marlowe akakitungia mchezo kwa Kiingereza.

Angalia sasa mfano unaotufunza. Riwaya ya Goethe iitwayo Werther ilichapwa mwaka 1774. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1779, lakini mfasiri hakuichukua kutoka Kijerumani, bali aliichukua kutoka Kifaransa. Waingereza wakaisoma na wakamhukumu Goethe kwa maneno yaliyopita katika mlango wa mtu wa tatu. Kwa istilahi ya wanazuoni wa hadithi, hiyo ni isnadi iliyoshuka, yenye kiungo cha ziada ambacho msomaji hakukijua.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuwafikishia Waingereza fikra za Wajerumani katika karne ya 19 ni Thomas Carlyle wa Scotland. Alifasiri riwaya ya Goethe, Wilhelm Meister, mwaka 1824, na wakawa wakiandikiana barua. Goethe mwenyewe alikuwa mtu aliyevutwa na Mashariki: baada ya Joseph von Hammer kuzifasiri kwa Kijerumani tungo za Hafidh wa Shiraz mwaka 1812 na 1813, Goethe alitunga diwani yake ya Magharibi na Mashariki, iliyochapwa mwaka 1819. Carlyle naye, Mei 1840, alisimama mbele ya watu London akatoa mhadhara juu ya Mtume wetu (SAW), akaikataa tuhuma ya Wazungu wa siku zile kwamba alikuwa mdanganyifu. Mhadhara huo Waislamu wengi wameupenda na kuunukuu. Lakini katika mhadhara huohuo Carlyle aliisema Qur'ani kwa maneno ambayo Muislamu hayakubali, akilalamika kwamba imemchosha. Na aliisoma kwa nini? Kwa tarjama ya Kiingereza ya George Sale ya mwaka 1734. Huyu ni bingwa wa kufasiri, mtu aliyejua ni kiasi gani cha Goethe kinapotea katika tarjama, naye akaihukumu Qur'ani Tukufu kwa tarjama! Tukimlaumu kwa hilo, basi na sisi tusiwahukumu wazee wetu kwa tarjama ya tarjama.

Wajerumani na vitabu vyetu vya fiqhi

Tuje sasa kwetu. Mjerumani wa kwanza tunayemkuta katika habari hii ni Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha Waingereza. Kitabu chake cha safari alikitoa kwa Kijerumani mwaka 1858, na mwaka 1860 kikatoka London kwa Kiingereza. Katika vitabu vya historia tulivyosomeshwa shuleni, habari nyingi za pwani ya zama zile zina mkono wa Krapf, na huyu hakuficha kuwa alikuja kuipinga dini yetu. Ushahidi wake tunausikiliza, na haja yake tunaikumbuka.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki ili kuwafundisha maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakienda makoloni na nchi za Mashariki. Kiarabu na Kiswahili vilisomeshwa humo. Mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, mwanachuoni wa Kiarabu ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa Kiingereza bila kujua kuwa ni Mjerumani, kwani ndiye aliyekihakiki kitabu cha Al-Biruni juu ya India na kukifasiri kwa Kiingereza mwaka 1888.

Sachau aliandika vitabu viwili vinavyotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1894 alitoa kitabu juu ya sheria ya mirathi kwa madhehebu ya Ibadhi ya Waarabu wa Zanzibar na Afrika Mashariki. Na mwaka 1897 alitoa kitabu kikubwa cha sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi, akitegemea matni ya Abu Shujaa na sherehe ya Sheikh Ibrahim al-Bajuri. Kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kusomea vya chuo kile cha Berlin.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Kama Waislamu wa koloni hili walikuwa hawana sheria wala elimu, kwa nini serikali ya Ujerumani ikawasomesha maofisa wake Abu Shujaa? Mtu hamtafutii dereva wake ramani ya mji usiokuwepo. Walimsomesha ofisa fiqhi ya Shafi kwa kuwa walijua kuwa atakapofika Bagamoyo, Tanga, Kilwa au Tabora atakuta ndoa, talaka, mirathi na wakfu vikihukumiwa kwa fiqhi hiyo, na makadhi na walimu wanaoijua. Mmisionari anaposema hawakujua, na chuo cha serikali yake kinachapa kitabu cha kile walichokijua, basi mashahidi wamekhitilafiana, na kadhi hawezi kumsikiliza mmoja akamuacha mwingine.

Wala tusidhani kuwa Waingereza walikuwa waangalifu zaidi. Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu hichohicho kinachoshurutisha idadi kwa wakalimani, kiliingia Kiingereza mwaka 1914 kwa mkono wa E. C. Howard. Howard hakukifasiri kutoka Kiarabu. Alikifasiri kutoka tarjama ya Kifaransa ya Mholanzi van den Berg, iliyochapwa Batavia kuanzia mwaka 1882. Hakimu wa Kiingereza asiyejua Kiarabu alikuwa akisoma hukumu ya Shafi iliyopita kwanza katika Kifaransa. Kitabu kinachotaka wakalimani wawili wanaoshuhudia pamoja kikapata wawili waliopokezana, kosa la wa kwanza likiwa msingi wa wa pili. Kupokezana si kushuhudiana, na kila mwanafunzi wa hadithi anajua tofauti hiyo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari na jina lililorudishwa

Haki inatutaka tuseme pia kwamba tarjama inaweza kurudisha kilichochukuliwa. Katika chuo kile cha Berlin alikuwepo tangu mwaka 1900 mwalimu wa Kiswahili kutoka Bagamoyo, Muislamu aliyesoma vyuoni kwetu, jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Yeye na wenzake waliandika kwa Kiswahili habari za watu wao: kuzaliwa, jando, chuo cha Qur'ani, ndoa, talaka, mirathi, biashara, maziko. Mwaka 1903 maandishi hayo yalichapwa Göttingen, Kiswahili chake kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na Kijerumani chake pia. Jina lililosimama juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam kisha mwalimu Berlin.

Mtoro alioa mke wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka 1905 alisafiri naye kurudi kwao. Serikali ya koloni ikamzuia mke asishuke pwani, na ikawabidi warudi Ujerumani. Mtoro hakukaa tena Bagamoyo, akafariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha maofisa Kiswahili na desturi za watu wake alinyimwa kukaa na mkewe katika nchi ya watu wake.

Miaka 78 baada ya chapa ya kwanza, yaani mwaka 1981, J. W. T. Allen alitoa kitabu kile kwa Kiingereza. Akafanya mambo mawili ya uadilifu. La kwanza, hakupitia Kijerumani cha Velten, bali alikwenda kwenye Kiswahili chenyewe. Hiyo ndiyo inayoitwa isnadi aali, isnadi ya juu iliyo fupi. La pili, juu ya kitabu aliweka jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari na kuwataja Waswahili wengine walioandika pamoja naye. Haya ndiyo tunayoyataka kwa mfasiri: afupishe njia, na amrudishie mwenye maneno jina lake.

Na faida kwa mas'ala yetu ni kubwa. Humo Muislamu wa zama zile anasema mwenyewe mtoto alipelekwaje chuoni na mwalimu alitendewaje. Huyu ni shahidi wa ndani. Anapopingana na mgeni aliyekaa miezi michache, mizani inajulikana inaelemea wapi.

Barua ya mwaka 1908

Mfano mwingine unawahusu maimamu hasa. Mwaka 1908, mara tu baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ilisambaa kutoka pande za Lindi barua ambayo Wajerumani waliiita Barua ya Makka. Ilisemwa kuwa inatoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (SAW) Madina, aliyeota ndoto akaambiwa awaonye Waislamu watubie, wasali, kwani kiama kimekaribia. Serikali iliingiwa na hofu. Iliona ni mwito wa uasi, ikafuatilia walioisoma na walioinakili.

Imamu yeyote anayesoma makala haya ametabasamu, kwa sababu barua hiyo anaijua. Mimi nimeletewa mara nyingi, zamani kwa mkono na sasa kwa simu, pamoja na ahadi ya utajiri kwa atakayeisambaza na kitisho kwa atakayeipuuza. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) aliandika kuibatilisha na kuwaonya Waislamu nayo. Wala haikuanza mwaka 1908. Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha andika juu ya wasia wa namna hiyo mwaka 1884. Lakini ofisa mwenye hofu ya vita vilivyopita aliposoma wito wa toba, aliona wito wa mkuki.

Mwanachuoni wa Kijerumani Carl Heinrich Becker, aliyeanzisha jarida la Der Islam mwaka 1910, aliitia barua hiyo na maandishi mengine ya Waislamu wa huku katika utafiti wake wa mwaka 1911 juu ya Uislamu katika koloni hili. Huyu hakuwa rafiki yetu. Elimu yake ilikuwa ya kuisaidia serikali itawale. Lakini alibishana na wamisionari waliotaka Uislamu upigwe vita, naye katika kongamano la makoloni Berlin mwaka 1910 akasimama upande wa kusema kuwa Uislamu si lazima uwe hatari kwa utawala. Maandishi yake yalifasiriwa kwa Kiingereza na B. G. Martin na kutolewa katika Tanzania Notes and Records mwaka 1968. Basi tafakari msururu huo: maneno ya Kiarabu yakaingia Kijerumani, kisha Kiingereza, na sasa kijana wetu anayaeleza kwa Kiswahili msikitini. Kila kiungo kina mtu, na kila mtu ana haja yake.

Upesi na ukawiaji wa tarjama

Nimekaa nikapanga miaka, na miaka yenyewe imenifundisha jambo. Kitabu cha Krapf cha 1858 kilifasiriwa baada ya miaka 2. Kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar, aliyeingia Ukristo na kuolewa na Mjerumani, zilichapwa Berlin mwaka 1886 na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1888, tena miaka 2. Kitabu cha Luteni Paul Kollmann juu ya nchi na watu wa ziwa letu hili kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1898, na mwaka uliofuata, 1899, kilikuwa London kwa Kiingereza. Mwaka mmoja tu! Waingereza walikuwa upande wa pili wa ziwa, Uganda, na walitaka kujua jirani yao ana nini.

Sasa tazama upande mwingine. Kumbukumbu za Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Mwanza kuanzia 1907 mpaka 1916, zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, Waingereza wakiwa wamekwisha ondoka. Becker alingoja miaka 57. Mtoro alingoja 78. Kitabu cha Ignaz Goldziher juu ya hadithi, kilichoanza kutoka kwa Kijerumani mwaka 1889, kilianza kutoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Na kitabu cha Theodor Nöldeke juu ya historia ya Qur'ani cha mwaka 1860 kilipatikana kwa Kiingereza mwaka 2013, baada ya miaka 153.

Kilichofaa kwa safari, soko na utawala kilifasiriwa upesi. Kilichofaa kwa kuhakiki kilikawia. Na kukawia kuna madhara yake, kwa sababu katikati ya miaka hiyo matokeo ya vitabu yalitangulia vitabu vyenyewe. Shaka za Goldziher juu ya hadithi zilienea kwa kunukuliwa, na Joseph Schacht, Mjerumani aliyehama kwao, akazijengea nadharia yake juu ya asili ya fiqhi katika kitabu alichokiandika kwa Kiingereza mwaka 1950. Vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu hukutana na Schacht kama neno la mwisho. Hawaambiwi kwamba Dkt. Muhammad Mustafa al-A'zami (aliyefariki 2017) alitoa mwaka 1968 utafiti juu ya maandishi ya mwanzo ya hadithi, na mwaka 1985 kitabu kizima cha kumjibu Schacht. Kumsoma mdai bila mdaiwa ni dhulma, hata kama mdai ana shahada.

Basi tufanyeje?

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha tuhakikishe habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya haikusema tuitupe habari. Imesema tuihakikishe. Kwa hiyo hatusemi kuwa maandishi ya Wajerumani ni haramu kuyasoma kwa kuwa yaliandikwa na wasiokuwa Waislamu. Bila Velten, maneno ya Mtoro huenda yasingetufikia. Wala hatusemi yapokewe kwa kuwa yamechapwa Ulaya.

Mwenye kusoma Kiingereza na aulize kwanza: kitabu hiki kiliandikwa kwa lugha gani asili? Mfasiri ameifuata asili, au amepitia tarjama nyingine? Aliyeandika alikuwa mmisionari, askari, ofisa, au mwenyeji? Kisha atafute shahidi wa pili asiyemnakili wa kwanza. Akimpata, apime. Asipompata, aseme "imesemwa", asiseme "imethibiti".

Na shahidi wa pili wa pande hizi za ziwa yuko wapi? Yumo majumbani mwetu. Yumo katika makasha ya wazee, katika vitabu vilivyoandikwa pambizoni majina ya waliosomesha na waliosomeshwa, katika hati za ndoa, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na ijaza zilizokunjwa ndani ya misahafu. Mjerumani Carl Büttner alizijua thamani za barua za namna hiyo akazichapa Berlin mwaka 1892, na sisi tunaziachia mchwa. Nimewahi kuona kasha la mwalimu mmoja likitolewa nje baada ya maziko ili chumba kipate mpangaji, na karatasi zake zikawashia jiko. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Hawakuweza kuzisoma.

Kwa hiyo, maimamu wenzangu, tuanze kwa hili lililo mikononi mwetu. Kila msikiti uliokongwe uwe na daftari: nani alijenga, nani alisalisha, nani alisomesha kitabu gani, na kwa nani alikipokea. Kila mzee aulizwe kabla ya jeneza lake kuletwa mihrabuni. Na kijana ajuaye Kiingereza tusimfukuze kwenye darsa. Huyo ndiye Zaid bin Thabit wetu, na kama atajifunza na Kijerumani, basi kheri juu ya kheri.

Kuhusu yale mambo ya Buhongwa, nilimchukua yule kijana mpaka kwa mzee. Alimbusu mkono, akamuomba radhi. Mzee akaenda ndani, akatoka na Abu Shujaa ya babu yake, imefungwa kwa kitambaa, jalada limekatika. Pambizoni mlikuwa na maandishi ya wino wa kahawia, herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Kijana akainama kuyasoma, akashindwa. Mzee akamsomea pole pole: yalikuwa majina ya watoto wa darsa na siku walizohitimu kitabu. Yule kijana akatoa kalamu, akageuza karatasi zake za fotokopi upande usioandikwa, akaanza kuyanakili majina yale moja moja.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.